Mgonjwa Naye Aulizwe

Mama atokaye kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Bagamoyo huitikia "ndiyo, sista" kwa kila agizo. Kisha arudipo na ugonjwa ule ule, huitwa mkaidi. Sisi twalikataa jina hilo. "Ndiyo" yake ilikuwa heshima, wala si mapatano. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma za afya yao. Naye Imogene King, muuguzi wa Marekani, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba muuguzi na mgonjwa waweke lengo pamoja. Twajua foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Lakini kumwuliza mama atakula nini kabla ya kumeza vidonge kwachukua muda gani? Kumkaripia je? Twadai kila zahanati, na zile za Kanisa letu zisijitoe, ianze na swali hilo.