Tuwalindie Watoto Wetu Saa ya Kusoma

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, kila msimu wa korosho unapowadia hapa Nakapanya, jambo moja hujirudia. Mtoto hutoka shule akaenda moja kwa moja shambani kuokota korosho, akarudi usiku umeshaingia, hoi kwa uchovu. Daftari hubaki mkobani hadi asubuhi. Na miezi hiyo, tangu Septemba hadi Novemba, ndiyo miezi ya mitihani ya taifa. Matokeo yakitoka mabaya, lawama huwaangukia walimu peke yao.

Hatusemi mtoto asimsaidie mzazi wake. Shamba ni riziki ya halali, na kazi ni sehemu ya malezi. Tunalosema ni kwamba mtoto naye ana haki zake, na mojawapo ni saa ya kusoma. Serikali iliondoa ada kuanzia Januari 2016, lakini saa hiyo haiwezi kuitoa Serikali. Huitoa baba na mama.

Wazazi wengine hujitetea kuwa wao hawakusoma, basi watasaidiaje? Hoja hii haina nguvu. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Wajuao kuandika Madina walikuwa wachache, lakini kutojua kwa wazee hakukuwa sababu ya kuwanyima watoto.

Imamu Az-Zarnuji, katika kitabu chake Ta'lim al-Muta'allim, amezitaja nyakati mbili kuwa bora kwa kusoma: kabla ya alfajiri, na baina ya Maghrib na Isha. Tuichukue hii ya pili, kwani kila nyumba inayo.

Kwanza, mtoto aachiwe kutoka shambani mapema, ili Maghrib imkute nyumbani ameoga na amekula.

Pili, taa iliyopo, iwe ya umeme, ya sola au kibatari, iwekwe mbele yake. Redio na simu zizimwe.

Tatu, mzazi aketi naye. Asiyejua kusoma amtake mtoto amweleze kwa maneno yake alichofundishwa siku hiyo. Atakaposita, hapo ndipo hakuelewa. Apelekwe kwa kaka yake, jirani au mwalimu. Akimaliza kazi za shule, arejee sura aliyohifadhishwa madrasa.

Nne, fimbo isitumike. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameonya katika Muqaddima yake kwamba ukali humzoeza mwanafunzi uongo na hila. Mtoto anayepigwa kwa hesabu asizoziweza hatajifunza hesabu. Atajifunza kunakili daftari la mwenzake.

Wala tusianze kwa kishindo kisha tukaacha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali aipendayo zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ni chache. Nusu saa ya kila usiku ina manufaa kuliko usiku mzima wa kukesha mtihani unapobisha hodi.

Ndugu zetu, korosho itauzwa na fedha zake zitakwisha kabla ya msimu mwingine. Watoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tuanze usiku wa leo, baada ya kutoka msikitini.

Wabillahi tawfiq.