Kishonwacho Kiwe cha Kufumulika

Mafundi wa mitepe wa Lamu na visiwa jirani, ambao hawakutia msumari katika vyombo vyao bali waliunga mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, walikuwa na ilimu ambayo wahandisi wa zama zetu wanaitafuta kwa juhudi na gharama kubwa: kamba ilipochakaa waliikata, ubao uliooza ukatolewa na mzima ukabakizwa, wakashona upya, na chombo kikarejea majini. Mtepe umetoweka, walakini majahazi na mashua yamerithi sehemu ya hekima ile. Fika Matondoni, kisiwani Lamu, chombo kikiwa kimepandishwa pwani, nawe utamwona fundi amechutama ubavuni, akichokoa kalafati kuukuu na kugongomea pamba mpya yenye mafuta katika mwanya wa mbao. Na taruma likiharibika hung'olewa peke yake.

Sasa yamekuja maboti ya faiba, nami si adui yake, kwani ni mepesi na hayaliwi na wadudu wa bahari watoboao mbao. Tatizo li katika gundi inayoshika nyuzi za kioo: ikishaganda imeganda daima, na ukiipasha moto haiyeyuki, bali huungua. Boti likipasuka, fundi hulazimika kukwangua tabaka kwa tabaka, vumbi la kioo likimwingia kifuani, kisha abandike kiraka kinachoshika juu ya gundi ya kale pasina kuchanganyika nayo. Na boti likifa halina faida tena, hata kuni haliwi.

Dhiki hii haikuishia baharini. Huko Casper, jimbo la Wyoming, Marekani, mapanga ya mitambo ya upepo yamekatwa vipande na kufukiwa ardhini. Kwetu, Loiyangalani kaunti ya Marsabit, imesimama mitambo 365, kila mmoja na mapanga matatu, nayo jumla yake ni 1,095, yote ya nyuzi na gundi.

Mwaka 2011, mjini Paris, mwanasayansi Ludwik Leibler na wenziwe walitangaza gundi ya namna nyingine, iitwayo vitrima, ambayo viungo vyake vya ndani, ikipashwa moto, hubadilishana nafasi bila ya idadi yao kupungua, hata ikalainika pole pole kama kioo mbele ya mfua kioo, na vipande vilivyovunjika vikibanwa pamoja katika joto hushikana tena kuwa kitu kimoja. Kadhalika, mwaka 2021 kampuni ya Siemens Gamesa ilitoa panga la mtambo wa upepo ambalo gundi yake huyeyushwa kwa asidi hafifu, nyuzi zikasalimika. Sidai kwamba kila jambo limekwisha, maana vitrima ikibeba mzigo katika joto kali yaweza kulegea. Lakini hoja ya kwamba gundi ikishaganda haiwezekani kufumuliwa imebatilika.

Kwa hiyo nasema wazi: serikali zetu, zinapotangaza zabuni ya boti, tangi, daraja au mtambo, zimtake muuzaji aandike, kabla ya kulipwa senti moja, kitu chake kitatengenezwa na nani, kwa zana zipi, na kikifika mwisho wake nani atakichukua. Mvuvi naye aulize hayo hayo dukani. Na mapanga ya Loiyangalani yangali yazunguka; kikao cha kuamua yatapelekwa wapi kiitishwe sasa, yakiwa bado angani.