Pigo la kichwa: Nani amwambie mchezaji atoke nje?

KATIKA viwanja vya vumbi vya Buhongwa, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Shinyanga, si jambo geni jioni kumwona kijana aliyegongana vichwa na mwenzake akimwagiwa maji, akiinuliwa na kurudishwa mchezoni huku mashabiki wakimshangilia kwa kujikaza kiume.

Kinachosahaulika katika shangwe hizo ni kwamba kusimama kwa miguu miwili si uthibitisho wa uzima. Ubongo umeelea ndani ya fuvu, na kichwa kinapopata kishindo nao hutikisika. Wengi wanaopata mtikisiko huo hawapotezi fahamu. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, au husahau hata matokeo ya mchezo wanaoucheza. Dalili nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa, mchezaji akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Hatari kubwa zaidi ni pigo la pili. Ubongo ambao haujapona, ukitikiswa tena, unaweza kuvimba kwa ghafla na kusababisha kifo, hata kama pigo lenyewe lilikuwa dogo. Wanaokumbwa zaidi na janga hilo adimu ni vijana, ambao ndio wanaojaza viwanja vya mitaani.

Wakazi wa Mwanza hawahitaji kwenda mbali kujua kuwa uwanja unaweza kuua. Desemba 2016, Ismail Mrisho Khalfan, kijana wa miaka 19 aliyeichezea timu ya vijana ya Mbao FC ya jijini humo, alianguka katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba muda mfupi baada ya kufunga bao na kisha kugongana na mpinzani katika mchezo dhidi ya vijana wa Mwadui. Maisha yake hayakuweza kuokolewa. Msiba huo uliwakumbusha wadau wa soka kuwa dakika za kwanza baada ya mchezaji kuumia ni za mtaalamu wa tiba, si za mashabiki wenye chupa za maji.

Katika ngumi, ambako kichwa ndicho shabaha, Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kupigwa KO katika pambano jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, masumbwi yana jambo moja ambalo soka ya mitaani haina. Mwamuzi anaruhusiwa kusimamisha pambano hata kama bondia mwenyewe anang'ang'ania kuendelea, na kwa kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa, aliyeangushwa kwa pigo la kichwa hupumzishwa kwa siku zisizopungua 30.

Mataifa tajiri nayo yalichelewa kujifunza. Huko Amerika Kaskazini, katika mpira wa magongo wa barafuni, wachezaji hupigana ngumi kavu mbele ya waamuzi na wapo walioajiriwa hasa kwa kazi hiyo. Mmoja wao, Derek Boogaard, alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, na uchunguzi wa ubongo wake ulibaini maradhi yanayohusishwa na mapigo ya mara kwa mara. Mwaka 2018 ligi ya NHL, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 18.9 kumaliza kesi ya wachezaji wastaafu zaidi ya 300.

Soka ilifuata. Bodi ya kimataifa ya sheria za mchezo huo, IFAB, iliruhusu kwa majaribio mwaka 2021, na kwa kudumu kuanzia Julai 2024, mashindano yanayotaka yaongeze nafasi moja ya kumbadilisha mchezaji aliyetikiswa ubongo. Lengo ni kuhakikisha kocha hashawishiki kumbakiza majeruhi kwa kuogopa kupungukiwa wachezaji.

Swali ni nani ataufikisha uamuzi huo Buhongwa. Katika mashindano ya mitaani, maarufu kama ndondo, zawadi huweza kuwa mbuzi au ng'ombe, na kijana huenda anatazamwa na watu wa timu kubwa kwa mara ya kwanza. Akiulizwa kama anaweza kuendelea, atajibu ndiyo. Kocha anayetaka ushindi naye hana sababu ya kumpinga. Kuwaachia wawili hao uamuzi ni sawa na kumwachia mlevi funguo za gari.

Sheria haikosekani. Mwamuzi tayari ana mamlaka ya kusimamisha mchezo na kuhakikisha aliyeumia vibaya anatolewa. Kinachotakiwa ni waandaaji kutangaza kabla ya filimbi ya kwanza kwamba anayeonyesha dalili za mtikisiko hatarudi siku hiyo, na kila timu kuruhusiwa kumbadilisha bila kuhesabiwa. Hilo halihitaji mfadhili. Linalohitaji fedha kidogo ni usafiri wa uhakika wa kumfikisha majeruhi hospitali, kwani Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, iko mjini na si jirani na uwanja.

Ng'ombe wa mashindano huliwa siku moja. Kijana anayetolewa nje leo akinung'unika ataweza kucheza tena baada ya wiki chache.