Sakitu si Barafu

Katika masomo ya Kiingereza na Jiografia twakutana na neno "frost". Ukimwuliza mwanafunzi maana yake kwa Kiswahili, atajibu mara moja, "Barafu." Mimi naona jibu hilo halifai, hasa kwetu tunaokaa nchi ya Njombe.

Kiswahili si maskini. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, kama yale ya vifuko tunayonyonya gulioni. Theluji ni ile nyeupe ya kilele cha Kilimanjaro, nayo huanguka kutoka mawinguni. Na ule weupe mwembamba uonekanao alfajiri juu ya majani ndio sakitu; wengine husema jalidi.

Labda mtu atauliza, "Viazi vikisha kuungua, jina lina faida gani?" Faida ipo. Asemaye "barafu imeanguka" huyaogopa mawingu. Kumbe sakitu haianguki. Hufanyika pale pale juu ya jani, usiku usio na upepo wala mawingu, ardhi inapopoteza joto lake upesi. Mawingu ni blanketi letu. Adui ni anga safi yenye nyota nyingi. Tena hewa ya baridi ni nzito, hutiririka kama maji mpaka mabondeni. Ndiyo sababu mwezi wa Juni na Julai viazi vya bondeni huweza kuwa vyeusi, na vya mteremkoni vikabaki kijani.

Najua kwamba wakati wa kiangazi maji yako bondeni, kwenye vinyungu, wala hatuwezi kuviacha. Basi yafaa mahali pa chini kabisa tupande kabichi, ambayo hustahimili baridi zaidi, na viazi na maharage tuvipandishe juu kidogo. Na jioni ikiwa anga ni safi na upepo umetulia, tuifunike miche kwa nyasi.

Wenzangu, sabuni, madaftari na nauli za wengi wetu kuja bwenini hutoka katika viazi hivyo. Twende likizo tukawaeleze wazazi wetu habari hii kwa Kiswahili safi, kwa heshima, nasi tuwasikilize, kwani wao wameiona sakitu miaka mingi kuliko sisi. Kijana akijua "frost" ya mtihani tu, naye hawezi kuwasaidia wazazi wake shambani, elimu yake ina faida gani?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne