Jumamosi ya Dereva na Jumamosi Yako

Wapo vijana hapa Mwanza ambao Safari Rally ikikaribia kule Naivasha, huifuatilia tangu siku za majaribio: nani ana kasi, gari la nani linasumbua. Wazee huwacheka. Mimi siwacheki. Mwaka 2024 mbio hizo zilimalizika Jumapili ya Pasaka, na sina hakika ni nani aliyeifikia siku ile akiwa amejiandaa zaidi, dereva au sisi.

Kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani wake huruhusiwa kuipitia kila sehemu ya njia mara mbili tu, kwa mwendo mdogo. Msoma ramani huandika kila kona na kila korongo. Siku ya mbio, vumbi likitanda hata mbele hakuonekani, dereva hufuata sauti inayomsomea yale yaliyoandikwa siku ile ya taratibu.

Jumamosi yetu huishia Mwaloni kutafuta samaki, kisha pasi na saluni. Si vibaya. Lakini kesho yake tunaisogelea Meza ya Bwana na ugomvi wa miezi mitatu kifuani! Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu ajihoji kwanza. Yesu naye, katika Mathayo 5, hakusema sadaka itamaliza ugomvi. Alitaka iachwe hapo hapo madhabahuni, mtu aende akapatane na ndugu yake.

Kama unasoma haya asubuhi na ibada yako ni ya saa nne, muda bado upo. Ndugu yako yuko Igoma, na namba yake unayo.