MAMBO YA NYUMBANI: Kisu Kilichopikwa Ndani ya Kopo

Akina mama wa kambi ya polisi ya Nsambya hawana safari ndefu kufika Katwe. Hushuka kwa miguu, na kabla hawajaviona vibanda vya mafundi huwa wamekwisha kuzisikia nyundo. Huko ndiko Kampala inakopata sigiri zake, vikaango vyake, malango yake na yale masanduku ya bati ambayo watoto huenda nayo shule za bweni. Huko pia ndiko kisu kilichoharibika hupelekwa, kama mgonjwa apelekwavyo kwa mganga.

Asubuhi moja mke wa koplo alishuka na kisu alichokizungushia gazeti. Alikuwa amekinunua sokoni kwa bei ya visu vitano vya kawaida, maana ubapa wake ulikuwa na mawimbi ya kupendeza, meupe na meusi, kama maji ya ziwa yanapopigwa na upepo. Muuzaji alimwapia kwamba hicho ni chuma cha Dameski. Fedha zile zilikuwa sehemu ya akiba ya kwanjula ya binti yake, siku ambayo wageni wa upande wa mume hufika kujitambulisha, na nyumba nzima hupimwa kwa jiko lake. Haukupita mwezi, majivu na brashi ya kusugulia sufuria viliyafuta mawimbi yote, na makali yakajikunja juu ya mfupa wa mbuzi. Kwanjula ilikuwa imebakiza siku tisa.

Mzee mhunzi hakusema neno kwanza. Alichukua tupa, akaikwaruza ncha ya kisu mara moja. Tupa ikaingia bila taabu.

"Nyabo," akasema, "chuma kilichotiwa maji sawasawa huiteleza tupa. Hiki kimelainika kama msumari. Na haya mawimbi yalichorwa juu ya ngozi tu, ndani hayamo."

"Basi nimeibiwa, mzee?"

"Umeuziwa picha."

Jina la Dameski, mji wa Sham, limekuwa na sifa kwa karne nyingi kwa ajili ya panga zilizouzwa huko. Pua bora ya panga hizo ilitoka India na Ceylon, ikiyeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo, na mawimbi yake yalizaliwa ndani ya pua yenyewe. Wala Afrika Mashariki haikuwa mbali na biashara hiyo. Mwandishi wa Kiarabu Al-Idrisi, katika karne ya 12, alitaja machimbo ya chuma ya Malindi na Mombasa, na akaeleza jinsi chuma cha Sofala kilivyopendwa na wahunzi wa India. Karibu zaidi na Kampala, ng'ambo ya mpaka upande wa Bukoba, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la mababu mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, na mwaka 1978 wataalamu hao walitangaza kwamba watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria waliyeyusha pua ya kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Siri mojawapo ilikuwa kuyaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, ili upepo wa mivukuto upate moto kabla ya kuyafikia makaa. Buganda nayo ilimheshimu mhunzi: Nuwa Walukaga, mmoja wa wafia dini wa mwaka 1886, alikuwa mhunzi wa Kabaka.

Visu viitwavyo vya Dameski siku hizi ni vya namna nyingine. Mhunzi huunganisha aina mbili za pua kwa moto na nyundo, na mawimbi hutokea pale zinapokutana. Mmarekani William Moran alipovionyesha visu vyake vya aina hiyo mwaka 1973, aliamsha hamu ya wahunzi wengi. Kutokana na hamu hiyo ilikuja njia ya kopo, nayo ndiyo iliyokuwa imemnyima usingizi mjukuu wa mzee yule wa Katwe, aliyeiona katika simu yake.

Njia yenyewe ni hii. Bomba la chuma laini la pembe nne huzibwa upande mmoja kwa kuchomelewa. Ndani hupakwa ile rangi nyeupe ambayo makarani huitumia kufutia makosa ya mashine ya chapa, ili kopo lisigandane na kilichomo. Kisha hujazwa vipande vya pua: cheni, gololi za beringi, vipande vya tupa kuukuu. Unga wa pua humiminwa juu yake na kutikiswa hadi kila pengo lijae. Upande wa pili huzibwa, lakini tundu dogo huachwa, kwani kopo lililozibwa kabisa likiwa na unyevu ndani laweza kupasuka motoni kama bomu. Hewa ndiyo adui, kwa sababu huleta magamba yanayozuia pua kushikana. Kwa hiyo wengine hudondosha tone la mafuta ya taa ili liungue na kuimaliza hewa hiyo. Kopo huwekwa motoni hadi nyuzi 1,200 au zaidi, rangi ya manjano iliyoiva, likakaa humo mpaka joto lifike katikati. Hapo hushindiliwa, pole pole kwanza, kwa nguvu baadaye. Likipoa, ngozi ya kopo hukatwa na kutupwa. Kilichobaki ni bonge moja la pua.

Mjukuu alikuwa na cheni za bodaboda tele na jeki ya lori aliyoigeuza kuwa shinikizo. Hakuwa na subira. Kopo la kwanza alilikata kutoka bomba la maji lililopakwa zinki, akakaa juu ya moshi mweupe alasiri nzima. Usiku ule alitetemeka, kichwa kikamwanga, mdomo ukawa na ladha ya sarafu. Nyumbani wakasema ni malaria. Zahanati ikapima, malaria haikuonekana. Ilikuwa ni homa ya moshi wa zinki, ambayo humjia fundi saa chache baada ya kazi na kwa kawaida huondoka baada ya siku moja au mbili. Maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa kama kinga hayauzuii moshi huo. Kinachozuia ni kuuepuka: kutotia motoni chuma chenye zinki, na kufanya kazi mahali penye upepo. Mke wa askari ambaye mwanawe anajifunza ufundi wa kuchomelea afadhali alijue jambo hili kuliko kujua majina yote ya visu.

Na jasho la siku hiyo lilipotea bure. Kijana hakutia unga kati ya cheni, na bonge lilipokatwa lilikuwa na mapango kama mkate.

Mama wa Nsambya aliyasikia hayo yote akiwa ameketi juu ya sanduku la bati. Kisha akauliza swali la mwenye nyumba: je, kisu cha kopo hukata kuliko vingine? Mzee akatikisa kichwa. Mawimbi ni uzuri, na uzuri una bei yake kwa anayeweza kuilipa. Makali hutoka kwenye pua yenyewe na jinsi ilivyotiwa maji. Akamwonyesha springi ya lori lililokufa, akasema humo mna kisu cha kwanjula na baki.

Kazi ile aliifanya mbele yake. Alikifua kisu, akakitia tena motoni na kukigusisha sumaku kila mara. Sumaku ilipokataa kushika, akaacha moto upande kidogo tu, akakizamisha kisu katika mafuta ya injini. Tupa ikateleza juu yake kama juu ya kioo. Lakini pua katika hali hiyo huvunjika ikianguka sakafuni, kwa hiyo akaipasha tena taratibu, hadi ubapa uliosafishwa ukapata rangi ya majani makavu. Hiyo ni kama nyuzi 200, na mwenye jiko la umeme aweza kuzipata katika oveni.

Alipokuwa akifunga mpini alimpa mama maonyo mawili. Kisu kisilale majini. Kifutwe na kupakwa mafuta ya kupikia, maana pua ya springi hushika kutu. Na kisitiwe kwenye makaa ili kutobolea plastiki, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa dakika moja ya moto mkali huiondoa kazi yote ya mhunzi. Kwa anayetaka hasa kununua cha mawimbi, alieleza jaribio: muuzaji akubali kusugua kwa msasa sehemu ndogo karibu na mpini, kisha aipake siki ya moto. Mawimbi ya kweli hurudi, japo hafifu. Ya kuchorwa hayarudi.

Mama alikichukua kisu chake Jumamosi, wiki nzima kabla ya wageni. Siku hiyo kijana alikuwa amefungua kopo la pili, safari hii la chuma kisicho na zinki, lenye vumbi la tupa alilolichekecha kwa kitambaa. Nusu moja ilikuwa na ufa. Nusu ya pili ilishikana. Babu yake alikuwa ameikata nusu nzuri kuwa kisu kifupi cha kumenyea matoke, akakitia katika maji ya kloridi ya chuma, yale wayatumiayo mafundi wa redio, kisha katika kahawa nzito ili weusi ukolee. Pingili za cheni ya bodaboda zilionekana humo moja moja, zimelala kama samaki katika maji ya tope.

Mama aliuliza bei yake. Kijana akamtazama babu, na babu akajibu kwamba hicho hakiuzwi.