Mozart Hana Kosa, Wenye Kosa Ni Sisi

Kuna shule ya chekechea hapa Dar es Salaam (jina nalihifadhi) imepandisha ada kwa sababu eti watoto sasa watasikilizishwa Mozart kila asubuhi "kukuza ubongo". Mzazi mmoja rafiki yangu alipouliza kama ngoma nazo zimo kwenye ratiba, aliambiwa ngoma ni za siku ya wazazi. Jamani!

Hebu tuanzie uongo ulikozaliwa. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti mfupi wa Frances Rauscher na wenzake wa California. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu, si watoto wachanga, walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10, kisha wakapewa maswali ya kukunja na kukata karatasi kichwani. Walifanya vizuri kidogo, na faida yenyewe haikuzidi robo saa. Basi, hicho tu. Mwaka 1998 gavana wa Georgia kule Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa aina hiyo, na wafanyabiashara wakajua wamepata mtaji. Watafiti waliofuata walijaribu hadithi ya kusimuliwa badala ya Mozart, na waliopenda hadithi wakafanya vizuri baada ya hadithi. Yaani ukichangamka unafikiri upesi. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara.

Mtu atanijibu kwamba muziki ni lugha ya dunia nzima, kwa hiyo Mozart ni wa wote. Ni nusu ya kweli. Wamafa wa milima ya kaskazini mwa Kamerun walichezewa vipande vya piano wasivyowahi kuvisikia, wakatofautisha cha furaha, cha huzuni na cha hofu vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Utafiti huo ulitoka mwaka 2009. Lakini mwaka 2016 ukatoka mwingine, wa Watsimane wa Bolivia. Wao walichezewa sauti ambazo sikio la Mzungu huziita tamu pamoja na zile linaloziita chungu, wakasema zote zinapendeza sawasawa. Mwendo wa haraka au wa polepole unaweza kuvuka mipaka. Utamu wa sauti mbili zikigongana, huo sikio hufundishwa.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Mtoto anayelishwa piano peke yake tangu miaka mitatu anafundishwa pia kipi ni "kibovu". Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyezungusha ilimba na zeze duniani mpaka alipofariki mwaka 2003, aliimba kwa ngazi ya sauti ambayo noti zake nyingine huangukia katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Ipime kwa kinanda, utasema amepotoka. Taarabu nayo ina sauti za namna hiyo, urithi wa maqam za Kiarabu. Tunawatoza wazazi fedha ili watoto wao wakue wakisikia urithi huu kama makosa!

Simchukii Mozart, namsikiliza nikiandika. Ila Bagamoyo si mbali, na Zawose mwenyewe alifundisha pale. Chuo kile bado kinatoa vijana wanaojua zeze, marimba na ngoma, na wengi wao wanatafuta kazi.